Tajiri saa Nne, Maskini saa Tano

Wiki iliyopita, wasomaji wenye subira, tulimwacha Nadège amesimama mlangoni pake na beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Tunamwomba radhi. Siku saba zimepita, shingo inamuuma, na harufu ya ndagala haijapungua hata kidogo.

Alikuwa ameduwaa, mtakumbuka, kwa sababu ndani mwake mlikuwa na kanape, yaani kochi, nyekundu. Nyekundu ya kupiga kelele, yenye vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni. Nadège hakuwa na kanape. Alfajiri alipotoka kwenda ziwani kununua samaki, chumba kile kilikuwa na mkeka, kigoda na ndoo, basi.

Na juu ya kanape hiyo, magoti yamebanwa pamoja kama mwanafunzi anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho, alikaa mtu wa biro, ile ofisi inayogawa nyumba za mradi.

"Karibu, Mama Divine," akasema yule mtu, akimwita kwa jina la mtoto wake, kana kwamba nyumba ni yake. "Nimekuta kwako ni kuzuri. Kuzuri sana."

Alilisema hilo la mwisho kwa huzuni.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, tuseme haya kwa kifupi. Pembeni mwa mji wa Baraka kuna nyumba thelathini za matofali ya kuchoma na mabati mapya. Mradi umezijenga kwa ajili ya watu wa kipato kidogo: unalipa kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka mitano, kisha nyumba inakuwa yako, na mvua ikinyesha unaisikia tu, haikuingilii kitandani. Nadège aliahidiwa namba kumi na mbili.

Sharti lilikuwa moja. Kipato cha nyumba nzima kisipungue dola sitini kwa mwezi, wala kisizidi mia moja na hamsini. Chini ya hapo, biro inaogopa hutalipa. Juu ya hapo, biro inasema, kajijengee mwenyewe.

Nadège alipojiandikisha, mumewe Albert alikuwa sentineli, mlinzi wa lango, wa shirika moja la misaada, naye alileta dola mia kila mwezi. Ongeza arobaini za ndagala, wakawa ndani ya mipaka kabisa, watu wa kipato kidogo waliopimwa kwa rula. Kisha shirika likafunga virago. Albert akabaki na kofia ya kazi bila kazi. Na Nadège, ambaye ni mkweli kiasi cha kuwatia wasiwasi marafiki zake, akaenda biro kwa miguu yake mwenyewe kutangaza kwamba kipato kimebadilika.

Biro ikamshukuru. Ikamtuma mpelelezi.

Leo ni Alhamisi. Funguo zinatolewa Jumamosi. Tuingie ndani.

"Televisheni moja," akanong'ona mpelelezi, akiigusa tableti yake kwa kidole. Jina lake lilikuwa Vainqueur, ametoka Uvira, ana kalamu nne mfukoni na uso wa mkuu wa nidhamu wa shule aliyehesabu sahani za maharagwe akakuta moja imepungua.

"Televisheni gani?" akauliza Nadège.

Akageuka. Juu ya ndoo yake, iliyofunikwa kitenge ili isijulikane kuwa ni ndoo, ilikaa televisheni pana kama dirisha.

"Monsieur, hapa hakuna umeme."

"Tableti haiulizi kama inawaka. Inauliza kama iko."

Nje, karibu kabisa na ukuta, kitu kikalia: meee.

"Na mbuzi," akasema Vainqueur. "Nimemwona. Ana mimba."

"Tableti inauliza mpaka mimba?"

"Inauliza."

Nadège akatua beseni chini kabla halijamwangukia. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mama Marthe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, amevaa kitenge cha Pasaka, na mikononi ana sinia: chupa ya chai, glasi sita zenye maua ya dhahabu, na mlima wa maandazi ya moto.

"Aaa, Mama Divine umerudi!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Nundu. "Ikala, ikala kwa kanape *yako*. Ju ya nini unasimama kama mugeni fasi ya *kwako*?"

Akamkonyeza. Mama Marthe akikonyeza, uso wote hushiriki.

Nadège akaelewa. Damu ikamshuka mpaka kwenye visigino.

Parseli ile, kiwanja chao cha pamoja, ilikuwa na nyumba tano za udongo, choo kimoja, na desturi moja isiyovunjwa. Mtu akipata mgeni wa maana, hapokewi kwenye nyumba tupu. Wakwe wakija na mahari, kila jirani hutoa kitu chake kizuri kuliko vyote na kukiingiza kwa mwenye mgeni kimyakimya, bila kuombwa. Mgeni akiondoka, kila kitu hurudi kwao. Ile televisheni peke yake ilikuwa imehudhuria posa tatu na ubatizo mmoja tangu Januari. Kwenye picha za ukoo wa watu ilikuwa inaonekana zaidi ya baadhi ya wajomba.

Jana jioni Nadège alimwambia Mama Marthe maneno machache tu: kesho nitapata mgeni wa biro. Hakueleza mgeni anakuja kutazama nini. Laiti angemwelezea! Mama Marthe alipiga hesabu zake: biro inatoa nyumba nzuri, basi nyumba nzuri hapewi mtu wa mkeka. Akazunguka parseli yote na kutangaza hali ya hatari.

"Monsieur Vainqueur," akasema Nadège, "hivi vitu si vyangu."

"Anakuwa na haya," akadakia Mama Marthe, akimimina chai. "Njo tabia yake. Hapendi kujisifu. Kula andazi, Monsieur. Na bile bikombe ni byake byote sita."

Vainqueur akaandika: glasi, sita.

"Mama Marthe!"

"Saba," akasema Mama Marthe. "Moja iko jikoni."

Tableti ikafikiri. Ikazungusha kile kiduara chake. Kisha ikalia kidogo, tiing, kwa furaha isiyo na huruma.

"Kwa vitu hivi," akasoma Vainqueur, "makadirio ya kipato cha nyumba yako ni dola mia mbili na kumi kwa mwezi." Akavua miwani. "Mama Divine, mimi nasikitika. Ulituambia mume amepoteza kazi. Kumbe mmetajirika. Ninafuta jina lako."

Wasomaji, ilikuwa saa nne kamili ya asubuhi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Nadège alikuwa tajiri. Alikaa kwenye kanape akaona haina raha yoyote.

"Usifute!" akaruka. "Monsieur, hii kanape ni ya Bienfait, fundi wa kushona, nyumba ya pili. Televisheni ni ya Mama Marthe. Mbuzi ni wa Muzee Ndikuriyo."

"Kila nyumba ninapokuta kanape, wananiambia kanape ni ya jirani," akasema Vainqueur kwa uchovu. "Kuna mtu Kilembwe aliniambia mke ni wa jirani."

"Muulize mwenyewe! Mama Marthe, sema kweli. Televisheni ni ya nani?"

Mama Marthe akaishika chupa ya chai kwa mikono miwili. Alikuwa kwenye shida kubwa. Kumwambia mgeni, machoni pa mwenye nyumba, kwamba kitu fulani ni cha kuazima, hilo halijawahi kufanyika katika parseli ile. Mwaka juzi kuna mtu aliulizia bakuli lake kabla wakwe hawajaondoka, na mpaka leo akisalimiwa anasalimiwa kwa kidevu.

"Mi siwezi kukutia haya mbele ya mugeni," akanong'ona.

"Nitie haya, Mama Marthe."

"Hapana."

"Nakuomba. Nitie haya sana. Ita na wengine waje wanitie haya wote."

Mama Marthe akamtazama machoni, akaona machozi yamekaribia, na hapo ndipo alipofahamu kwamba asubuhi nzima alikuwa akimbomolea jirani yake nyumba kwa mikono yake miwili. Akaweka chupa ya chai chini. Akatoka mlangoni, akaweka mikono kiunoni, na akavunja desturi ya miaka yote kwa sauti moja:

"Batu ba parseli! Kila mutu akuye kuchukua kitu yake! Huyu mwanamuke HAIKO NA KITU!"

Wakaja. Hawakuamini masikio yao, lakini wakaja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ndikuriyo, mkimbizi kutoka Burundi ambaye amelima mihogo upande huu wa ziwa kwa miaka kumi, na ambaye akisalimia hushika kiwiko chake kwa adabu hata akimsalimia mbuzi.

"Bwana mkubwa," akamwambia Vainqueur, "yule mbuzi ni wangu. Anaitwa Ministre, yaani Waziri."

"Thibitisha."

Mzee Ndikuriyo akaachia kiwiko chake. Alipita mbele ya mlango polepole, mikono nyuma, akielekea kwake. Mbuzi akanyoosha shingo, akavuta kamba, kamba ikang'oa kigingi, akamfuata mzee nyuma kwa nyuma, tumbo likiyumba, kigingi kikiburuta.

Vainqueur akafuta mbuzi. Akafuta na mimba.

Mama Marthe akachukua televisheni yake, akaikumbatia kama mtoto aliyetoka hospitali. Glasi zikaondoka, saba, pamoja na ile ya jikoni. Kisha akaingia Bienfait fundi wa kushona na mpwa wake, wakasimama mmoja kila upande wa kanape.

"Samahani, Monsieur," akasema Bienfait. "Simama kidogo. Kanape inarudi nyumbani."

Vainqueur akasimama, tableti mkononi, andazi mdomoni. Kanape ikatoka kwa ubavu. Akabaki katikati ya chumba chenye mkeka, kigoda na ndoo iliyovuliwa kitenge chake. Akakaa kwenye kigoda. Magoti yakamfika masikioni.

"Naam," akasema. "Sasa naona."

Nadège akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alicheka mapema mno.

Kwa sababu Vainqueur alianza upya, kwa haki, kama mtu aliyefundishwa kuanza upya. Mume? Hana kazi, huu mwezi wa tano. Yuko wapi? Alikwenda Misisi kutafuta chochote, wiki tatu sasa, simu haipatikani. Kilimo? Hakuna. Biashara? Ndagala. Zinaingiza ngapi kwa mwezi, ukiondoa mtaji?

"Arobaini," akasema Nadège. "Mwezi mzuri, arobaini na mbili."

Tiing.

Vainqueur akaitazama tableti muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Divine," akasema taratibu, "ni arobaini. Ya chini kabisa ni sitini. Mradi hauwezi kumpa nyumba mtu asiyeweza kuilipa, mwisho wake ni kumtoa, na kumtoa mtu ni kubaya kuliko kutompa."

"Lakini saa hii tu ulisema niko tajiri!"

"Hiyo ilikuwa saa nne."

"Na sasa?"

Akatazama saa. "Saa tano na dakika tano. Wewe ni maskini kupita kiasi."

Mlangoni watu wa parseli wakaguna. Mama Marthe akajishika kichwa. "Mungu wangu. Na kama tungeacha glasi mbili tu?"

"Haiendi kwa glasi, Mama!"

"Na nusu ya mbuzi?"

Nadège akawapa mgongo. Alikaa kwenye mkeka, akavuta beseni lake. Mkono ambao hauna la kufanya humsumbua, basi akaanza kupima ndagala kwa kopo, kama afanyavyo kila Alhamisi. Kopo mbili akazimimina kwenye bakuli la bati, akalisukuma mlangoni.

"Muzee, za kwako hizi. Usisahau."

"Aksanti, mwanangu," akasema Ndikuriyo. "Unga utaletewa jioni."

Kopo nyingine moja na nusu. "Bienfait, hii ya kwako."

"Sketi ya Divine iko tayari, nimebakiza kifungo."

Kopo tatu. "Mama Marthe."

"Weka tu hapo. Mafuta nitakumiminia, na sabuni kipande."

Kalamu moja kati ya nne za Vainqueur ikadondoka.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, ngoja. Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii! Unampa samaki, anakupa unga. Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi," akasema Nadège, akishangaa mtu mzima anaulizaje jambo kama hilo. "Tunasaidiana tu. Ni majirani."

"Na hukuniambia?"

"Uliuliza biashara. Hii si biashara. Naanzaje kumfanyia Muzee biashara?"

Vainqueur alikuwa amesimama, na kigoda kilisimama naye kwa sekunde mbili kabla ya kumwachia. Uso wa mkuu wa nidhamu ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa na uso wa kijana anayependa kazi yake kwa siri.

"Kanuni za mradi," akasema, akipekua karatasi, "kifungu cha tatu. Kipato ni fedha *au kitu chenye thamani kinachoingia nyumbani mara kwa mara*, kikishuhudiwa na watu wawili. Muzee! Unga kiasi gani?"

"Debe dogo. Likijaa juu."

"Bei ya sokoni Baraka?"

Parseli nzima ikajibu bei, kila mtu yake. Wakakubaliana. Tableti ikapokea.

"Mafuta ya mawese?"

"Chupa moja," akasema Mama Marthe. "Kubwa. Andika kubwa."

"Kushona?"

"Mi mwezi hii nimemushonea sketi mbili na blauzi," akasema Bienfait. "Na nilimubadilishia zipu, lakini zipu nilimupa bure."

"Bure haihesabiwi."

"Basi haikuwa bure!"

Vainqueur akajumlisha. Watu wakaacha kupumua. Hata Ministre, kule alikofungwa, akanyamaza, na mnajua ilivyo vigumu kuinyamazisha serikali.

Tiing.

"Ishirini na nne," akasema Vainqueur. "Na arobaini." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sitini na nne. Mama Divine, wewe ni maskini wa kiasi kinachofaa."

Kelele zilizopigwa hapo sitazieleza. Gazeti hili lina kurasa chache. Mama Marthe alimkumbatia Vainqueur, naye hakufundishwa biro jambo hilo lifanywe namna gani, akasimama wima kama mlingoti. Maandazi yakazunguka. Ikatolewa fomu, likatolewa kopo la wino. Nadège akaandika jina lake kwa mwandiko wa shule ya masista, na, kama serikali inavyopenda, akabandika na dole gumba la kulia. Vainqueur akaandika pembeni: saa tano na dakika arobaini.

"Jumamosi, saa nne," akasema. "Njoo na kufuli lako. Ufunguo tutakupa, lakini watu hawaamini kufuli za mradi."

Nadège akalitazama dole lake la buluu. Hakulifuta. Alitaka alitazame mpaka Jumamosi.

Na hapa, wasomaji, mwandishi mwenye huruma angeweka nukta na kwenda kulala.

Saa sita kamili pikipiki ikaingia parselini.

Juu yake, nyuma ya dereva, lilikaa rundo la vumbi. Rundo likashuka, likavua kofia ya sentineli, na chini ya kofia pakaonekana paji la uso safi, la Albert, mume wa Nadège. Alikwenda Misisi kutafuta dhahabu. Alirudi na ardhi yenyewe.

"Mama Divine!" akapaza sauti. "Nimepata kazi!"

Maandazi yakasimama njiani kwenda midomoni.

Albert akatazama umati mlangoni kwake. Watu hawakuonyesha furaha aliyoitarajia.

"Kazi," akarudia, sauti ikipungua. "Mshahara kila mwezi…"

"Huyu mutu hatumujui," akasema Mama Marthe haraka, akisimama kati yake na Vainqueur. "Ni kichaa. Anapitaka hapa kila Alhamisi."

"Mama Marthe! Mi Albert!"

"Ona vile anajiita majina ya batu."

"Mwache apite," akasema Nadège.

Alijua hesabu. Sote tunaijua. Sitini na nne, ongeza mshahara wa mtu, na mia na hamsini haiko mbali. Angeweza kumkonyeza mumewe. Angeweza kumtuma kuoga mpaka Jumamosi. Alihitaji huko kuoga. Lakini ndiye yuleyule aliyekwenda biro kwa miguu yake.

"Papa Divine," akasema, "mwambie Monsieur ni dola ngapi."

"Themanini."

Midomo yote ya parseli ikasogea kimya, ikijumlisha. Bienfait, aliyezoea kupima viuno, akawahi: "Mia moja arobaini na nne!"

"Haizidi!" akapiga kelele Mama Marthe. "Haizidi! Albert, mwanangu, karibu, nilikujua toka mbali!"

Nadège alikuwa tayari amemshika mumewe mabega, vumbi likimwingia puani, akicheka na kupiga chafya kwa zamu. Albert akaeleza mambo bila mpangilio. Misisi hakupata kitu. Akiwa njiani kurudi leo, alimwomba dereva apitie kwenye zile nyumba thelathini, aitazame namba kumi na mbili hata kwa mbali, maana moyoni alikuwa ameshaiaga. Langoni akamkuta mkuu wa ujenzi anagombana na sentineli aliyeacha kazi asubuhi hiyo hiyo. Mkuu akaiona kofia yake. Akamuuliza maswali matatu. Akampa karatasi atie kidole.

"Na wananipa na pa kulala!" akasema Albert, akitoa karatasi kutoka kwenye mfuko wa plastiki. "Soma, Monsieur."

Vainqueur akasoma. Alipofika mstari wa mwisho, akarudi wa kwanza. Uso wa mkuu wa nidhamu ukarejea pole pole, kama mtu anayerudi kuchukua kofia aliyoisahau.

"Papa Divine, pa kulala wamekuandikia wapi?"

"Sijui. Sikusoma namba."

"Nyumba iliyo karibu na lango. Namba kumi na mbili, maana ilikuwa haijathibitishwa."

"Si ni hiyo hiyo yetu?" akasema Albert kwa furaha. "Basi tumeipata mara mbili!"

"Ndiyo shida," akasema Vainqueur. Akafungua kanuni zake, na safari hii hakupekua, alijua ukurasa. "Mfanyakazi wa mradi na mke wake hawauziwi nyumba ya mradi. Hicho ni kifungu cha saba. Mkiingia kama familia ya sentineli, mtalala namba kumi na mbili, sawa, lakini haitakuwa yenu kamwe. Siku kazi ikiisha, mnatoka."

Albert akaitazama kofia yake. Alijua kazi huishaje. Huisha kwa barua ya mistari minne.

"Kuna kifungu cha nane," akaendelea Vainqueur. "Mtu aliyetia kidole kwenye fomu ya nyumba *kabla* mwenzake hajawa mfanyakazi, haki yake haiguswi. Mama Divine alitia kidole saa tano na dakika arobaini, nimeandika mwenyewe. Kama alitangulia, mna nyumba na mna kazi, vyote viwili, na mimi nitakuja kula maandazi. Kama hakutangulia…"

Akaigeuza karatasi ya Albert mbele na nyuma.

"Hapa kuna tarehe ya leo. Saa haikuandikwa."

"Kutoka kule mpaka hapa ni dakika ngapi?" akauliza Nadège.

"Ishirini," akasema dereva wa pikipiki, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba bado yupo. Akala andazi. "Kama hujasimama kusalimia mutu."

"Na mlisimama?"

"Mi nasimamaka kwa kila mutu."

Walifika saa sita kamili: ukitoa ishirini ni saa tano na dakika arobaini, na salamu bado hazijatolewa. Wasomaji waliofaulu hesabu wameshaona. Ambao hawakufaulu watazame nyuso za parseli.

"Basi imebaki wewe tu, Papa Divine," akasema Vainqueur, akiinua kalamu. "Nitaandika utakachosema. Ulitia kidole saa ngapi?"

Albert akainua mkono kujikuna kichwa. Dole gumba lilikuwa bado na wino. Nadège akalitazama, kisha akalitazama la kwake. Yote mawili ya buluu, kwa ajili ya nyumba moja, na moja lilitangulia.

"Kengele ya shule ilikuwa inalia," akaanza Albert, "sasa sijui kama ilikuwa ile ya—"

Mama Marthe akamshindilia andazi zima mdomoni.

Mama Marthe alikuwa akimtazama Nadège kwa macho ya kusihi: acha, mama, acha tu, mtu mwenye andazi mdomoni hajasema uongo. Nadège aliiona namba kumi na mbili yote, mabati yake, dirisha lake la mbao, mahali alipokwisha kuchagua pa kuweka ndoo. Akaketi mbele ya mumewe kwenye mkeka, akampangusa vumbi mdomoni kwa ncha ya kitenge.

"Meza kwanza," akamwambia. "Kisha useme kweli."

Albert akaanza kutafuna. Ukweli ni kwamba halikuwa andazi kubwa. Lakini wote walioshuhudia wanasema hawajawahi, Baraka wala Fizi nzima, kumwona mtu akitafuna polepole namna ile.